Wapangaji wa Banda la Tumbaku

Nyuki hawakai katika banda la tumbaku linalofanya kazi. Nta huyeyuka joto likifika nyuzi 62 hadi 64 za selsiasi, na mkulima anapomalizia kukausha majani, akitaka hata ule uti wa katikati ukauke, hupandisha joto la ndani hadi karibu nyuzi 70. Sega lililotundikwa humo lingechuruzika ukutani kabla moto haujafa. Kwa hiyo mtu anayepita Ogwedhi, upande wa kaunti ya Migori unaopakana na Trans Mara, akiwaona nyuki wakiingia na kutoka kwenye tundu la banda refu la matofali lisilo na dirisha, amekwisha pata habari moja bila kumwuliza mwenye boma: hapa moto haujawashwa siku nyingi.

Tumbaku ya mkataba ilienea kusini mwa Nyanza kuanzia miaka ya 1970. Kampuni ilitoa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo; mkulima akatoa shamba, mikono ya nyumba nzima, na kuni. Tumbaku ya Virginia haikaushwi juani. Majani hufungwa kwenye fito, fito hupangwa safu juu ya safu hadi karibu na bati, na joto hupitishwa katika mabomba yanayotoka kwenye tanuri lililochimbwa ubavuni mwa banda. Moto huo hukaa takriban wiki nzima, usiku na mchana, na lazima awepo mtu wa kulala karibu nao aulishe. Chakula chake ni miti. Ilianza kuliwa miti ya asili iliyokuwa mipakani mwa mashamba na kandokando ya vijito, miti minene yenye mapango ya zamani ndani ya shina. Ilipopungua, wakulima wakahimizwa kupanda mikaratusi.

Mkaratusi si adui wa nyuki. Maua yake yana asali nyingi. Shida ni kwamba mkaratusi wa kuni hukatwa ukiwa kijana, miaka michache tu baada ya kupandwa, shina bado ni gumu na limejaa. Hauishi muda wa kutosha kuoza katikati. Nyuki wa Migori basi wakawa na chakula ila hawana nyumba. Shamba la tumbaku lenyewe halikuwafaa hata kwa chakula, maana mkulima hodari hukata kichwa cha mmea mara ua linapochomoza, ili nguvu zote zirudi kwenye majani.

Kisha mabanda nayo yakaanza kunyamaza. Mwaka 2022 mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, la afya, la chakula na kilimo, na lile la mpango wa chakula, yakishirikiana na serikali ya Kenya, yalianza mradi huko Migori wa kuwasaidia wakulima kuachana na tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, tarehe 31 Mei 2023, ilibeba ujumbe huohuo wa kulima chakula mahali pa tumbaku. Si wote walioacha. Lakini aliyeacha hakubomoa banda lake, kwa sababu matofali ni mali na mabati ni mali. Ndani mkaingia kuku, magunia ya mahindi, baiskeli iliyokosa mnyororo. Na juu, kati ya ukuta na bati, au ndani ya tanuri lililopoa, wakaingia nyuki. Jengo lililoila miti yenye mapango sasa ndilo pango kubwa kuliko yote yaliyobaki.

Mwenye banda haoni kejeli hiyo, wala hana haja ya kuiona. Anachoona ni kwamba mama watoto hawezi kuchukua mahindi, na mbuzi wanaogopa kupita.

Inafaa kujua walifikaje. Kundi la nyuki likisongamana mzingani, malkia mzee hutoka na sehemu kubwa ya watoto wake na kuning'inia kwenye tawi kama kishada. Hapo hawana nyumba. Wazee wa kazi, mamia kadhaa kati ya maelfu, huruka kila upande kutafuta uwazi, hurudi na kucheza juu ya migongo ya wenzao ngoma ya kuonyesha upande na umbali. Aliyetambua jambo hili ni Martin Lindauer, mwanafunzi wa Karl von Frisch, yule mtaalamu wa lugha ya nyuki aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Mwaka 1949, mjini Munich, Lindauer aliwaona nyuki wakicheza juu ya kundi lililoning'inia, na wachezaji walikuwa wachafu. Wengine walikuwa na masizi, wengine na vumbi jekundu la matofali. Mji ulikuwa umepigwa mabomu katika vita, magofu kila mtaa, na nyuki hao walikuwa wametoka kukagua mabomba ya moshi na kuta zilizopasuka. Chavua haikuwahusu siku hiyo. Walikuwa wakisaka nyumba. Lindauer angefika Ogwedhi angewatambua mara moja, kwa masizi ya tumbaku mabegani.

Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyeiendeleza kazi hiyo kwa miongo na kuiandikia kitabu mwaka 2010, alipima wanachotafuta: uwazi wa takriban lita 40, wenye mlango mdogo ulio juu kutoka ardhini. Hao ni nyuki wenye asili ya Ulaya. Nyuki wa nyanda zetu, Apis mellifera scutellata, hawana masharti makali kiasi hicho. Hukubali uwazi mdogo, hukubali kichuguu, hukubali upenu, na wakikosa kabisa hujenga masega nje chini ya tawi. Wamezoea nchi ambayo moto wa nyika, ukame na nyegere huweza kubomoa nyumba wakati wowote, kwa hiyo hugawanyika mara nyingi na kuhama bila kuaga. Kwa kiumbe wa tabia hiyo, banda la tumbaku lisilo na moto ni jumba la kifahari. Wala jambo la nyuki kukaa katika majengo ya watu halikuanza na mabati. Waislamu wanaijua aya ya 68 ya sura ya An-Nahl, ambamo nyuki anaelekezwa makao yake, na makao hayo yanatajwa matatu: milimani, mitini, na katika vile watu wanavyovijenga.

Mara nyingi wapangaji hawa hutolewa kwa moto. Kijana jasiri hupanda ngazi jioni na tambara lililoloweshwa mafuta taa kwenye ncha ya mti, au hutupa kipande cha tairi kinachowaka ndani ya tanuri. Mwenye uwezo hununua kopo la dawa ya mbu na kulimwaga lote tunduni. Ikiwa kundi ni dogo, kazi huisha usiku huohuo. Likiwa kubwa, linaweza kugeuka kilio.

Nyuki anapouma huacha mwiba pamoja na kifuko cha sumu, na kifuko hicho huendelea kusukuma sumu hata mwenyewe akiwa amekwisha ruka. Pamoja na sumu hutoka harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ni baragumu: kila anayeinusa huja kuuma palepale. Ndiyo maana anayeumwa mara moja asisimame kujikuna. Akwangue mwiba haraka kwa ukucha au kwa chochote, akimbie, aingie ndani ya nyumba afunge mlango. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango cha sumu cha kuua hukadiriwa kuwa miiba zaidi ya elfu moja. Kwa mtoto ni pungufu sana, na kwa mwenye mzio mwiba mmoja tu unaweza kuziba pumzi. Lakini anayekufa zaidi katika maboma yetu si mtu. Ni mnyama aliyefungwa: mbuzi kwenye kamba, ng'ombe kwenye kigingi, punda aliyefungiwa mkokoteni. Yeye harufu ya ndizi imempata na hawezi kukimbia. Mtu yeyote anayekusudia kugusa nyuki, kwa hekima au kwa ujinga, aanze kwa kufungua mifugo yote na kuipeleka mbali. Hatua hiyo haina gharama hata ya shilingi moja, na ndiyo inayosahauliwa.

Na tuseme moto umefaulu, nyuki wamekufa, ngazi imerudi mahali pake. Ukutani mmebaki masega yenye asali, chavua na mamia ya watoto waliokuwa bado kwenye vyumba vyao. Hakuna tena wa kupepea hewa wala wa kulinda. Watoto huoza na kunuka. Asali hupasua vifuniko, huvuja, huteremka kwenye matofali na kuita siafu. Nondo wa nta hutaga humo, na viwavi wake hutafuna kila kitu wakiacha utando wa kijivu. Miezi michache baadaye, maua yakirudi baada ya mvua, wakaguzi wa kundi jingine hunusa nta kuukuu iliyosalia, na kwa nyuki hakuna tangazo zuri kuliko harufu ya nyumba iliyowahi kukaliwa. Mwenye banda hushangaa kwamba wamerudi. Hawajarudi, wamekuja wengine, naye ndiye aliyewawekea kibao.

Jambo linalostahili kuwaudhi watu wa Migori na Homa Bay liko hapa. Kwa zaidi ya miaka hamsini Kenya imekuwa ikigawa mizinga. Ule mzinga wenye ubavu wa mshazari na pao zilizopangwa juu, unaojulikana duniani kote kwa jina la Kenya, ulisanifiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika ushirikiano wa serikali na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Ni kazi nzuri. Kila pao ina upana wa milimita 32, kwa sababu huo ndio upana ambao nyuki wa hapa hujipimia wenyewe kati ya sega na sega. Seremala yeyote anaweza kuuchonga, na asali huvunwa bila kuua kundi. Tangu wakati huo miradi haikukoma. Mzinga hupakwa rangi, huandikwa ubavuni jina la mfadhili, akina mama wa kikundi hupigwa picha wakiwa wameushika, na gari huondoka. Mzinga hutundikwa. Hukaa mtupu msimu mmoja, miwili, hadi mijusi wanapoona hapana mwenyewe. Hakuna anayeshangaa, kwa kuwa mafunzo ya siku mbili yalieleza kwamba nyuki watakuja wenyewe.

Hatua mia moja kutoka hapo, jirani anachoma kundi zima ukutani.

Mizinga bila nyuki, nyuki bila mizinga, na katikati amekosekana fundi mmoja mwenye vazi na bomba la moshi wa kuwaunganisha. Ufundi wa kuhamisha kundi kutoka kwenye jengo haumo katika ripoti nyingi za maendeleo, pengine kwa sababu haufai kwa picha: hufanywa jioni, aliyeufanya hujaa nta na jasho, na mwisho wake ni ukuta uliokandikwa. Lakini ungepaswa kuwa mlango wa mbele wa ufugaji nyuki katika kaunti hizi. Kundi lililo ukutani limekwisha kuthibitisha mengi ambayo mzinga mpya haujathibitisha: kwamba maji yapo karibu, maua yanatosha, malkia anataga.

Limethibitisha pia jambo lililo kubwa kuliko boma moja. Varroa, kupe mdogo mwekundu anayenyonya nyuki, aligunduliwa Kenya mwaka 2009. Ulaya na Marekani kundi lisilopewa dawa dhidi yake kwa kawaida hufa ndani ya miaka michache. Watafiti wakiongozwa na Elliud Muli walizunguka Kenya mwaka 2010, wakapima makundi kutoka pwani hadi milimani, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kupe huyo karibu kila mahali, na bado makundi yalikuwa hai na yenye nguvu bila dawa yoyote. Nyuki wetu wanajua kuishi naye. Ujuzi huo haumo kwenye chupa ya daktari wa mifugo. Umo kwenye damu ya makundi ya porini, yanayojizalia yenyewe mitini, vichuguuni na, sasa, mabandani. Kumwagia dawa ya mbu kundi lililoishi ukutani miaka mitatu bila kuhudumiwa na yeyote ni kuteketeza mbegu.

Ukali wao ni wa kweli, na asiyeuheshimu hufunzwa. Wabrazili walifunzwa. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki Warwick Kerr alipeleka Brazili malkia kutoka Afrika, na mwaka uliofuata makundi 26 yakaponyoka huko Rio Claro. Uzao wao ulipanda bara zima ukafika Texas mnamo Oktoba 1990, ukitanguliwa na hofu na sinema, mojawapo ikiwa The Swarm ya mwaka 1978, ambamo nyuki wa Kiafrika wanaishambulia Marekani kama jeshi. Watu walikufa kweli katika miaka ile, na wafugaji wengi wakakimbia kazi. Waliobaki walibadilisha namna: waliiondoa mizinga karibu na nyumba, wakaongeza moshi, wakanunua mavazi mazito. Leo Brazili inauza asali nchi za nje kwa wingi, na wanaoitengeneza ni wajukuu wa nyuki hao wakali. Haya yalikuwa yakijulikana Tabora zamani, ambako tumbaku na asali zimeishi mkoa mmoja kwa vizazi. Mrina asali wa huko hakuwahi kungoja nyuki wapole.

Basi fundi anayejua kazi hufanya hivi.

Kwanza huuliza: wamefika lini? Kishada kilichoning'inia kwenye boriti tangu asubuhi si kundi lililokaa. Nyuki hao wamejaza matumbo asali ya safari, hawana watoto wala akiba ya kulinda, na aghalabu ni wapole kuliko watakavyokuwa maisha yao yote. Wakiachwa, huenda wakaondoka siku ya pili au ya tatu. Wakitakiwa, sanduku huwekwa chini yao, boriti hutikiswa kwa nguvu mara moja, na malkia akiangukia ndani wengine watamfuata. Ni kazi ya nusu saa. Ole wake anayesema, "Jaduong', wacha tuwaone kwanza wiki ijayo." Wiki ijayo watakuwa na masega na watoto, na bei itakuwa imepanda.

Wakishakaa, kazi huanza saa kumi na moja jioni, jua likiwa limepoa na wengi wa watafutaji wakikaribia kurudi. Watu huwa wawili au watatu, wamevaa mavazi kamili, miguu ya suruali imefungwa ndani ya gambuti. Bomba la moshi hujazwa magunzi na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ambacho huungua polepole na kutoa moshi baridi. Moshi hufanya kazi mbili: hufunika ile harufu ya ndizi isisambae, na huwashtua nyuki wakimbilie kunywa asali kana kwamba pori linaungua. Hupulizwa kidogo mlangoni, fundi husubiri, hupuliza tena. Anayepuliza kama anayefukuza popo atawamwaga wote nje wakiwa na hasira.

Kisha bati huinuliwa au matofali mawili hutolewa, na masega huonekana yakiwa yamening'inia sambamba, ya pembeni meupe yamejaa asali, ya katikati ya kahawia yenye watoto. Yale ya asali hukatwa kwanza na kutiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, maana harufu ya asali ikitapakaa itaita nyuki wa majirani kuja kupora. Yale ya watoto hukatwa kwa kisu kirefu, moja moja, na kufungwa kwa kamba ya katani au ganda la mgomba kwenye pao za mzinga, upande uliokuwa juu ubaki juu, kwa mpangilio uleule. Mikono haina budi kuwa na haraka ya upole. Watoto hao wamezoea joto la nyuzi 34 au 35. Upepo wa jioni ukiwapiga sana hufa. Tena wao ndio rehani. Nyuki wa hapa wakihamishiwa sanduku tupu huamka kesho yake na kuhama. Wakikuta watoto wao humo, wengi husita.

Malkia huonekana kwa bahati. Fundi mzoefu hahangaiki sana naye. Husukumia mashada ya nyuki ndani ya mzinga kwa unyoya au kwa kiganja, hufunika, na kutazama mlango wa mzinga. Wakianza kusimama pale vichwa vikiwa ndani, mikia juu, mabawa yakipepea, wanatangaza harufu ya nyumbani, na malkia yumo. Wakimiminika kurudi ukutani, hayumo, na kazi inaanza upya. Mzinga huachwa hapo hapo, mlango wake ukigusa tundu la zamani, hadi giza liingie na wa mwisho warudi. Taa ikihitajika, iwe nyekundu. Nyuki hawaioni rangi hiyo. Taa nyeupe huwaleta moja kwa moja usoni.

Kuna kuta zisizofunguka, kama zege ya ghala la ushirika au ukuta wa darasa ambao mwalimu mkuu hataki uguswe. Hapo hutumika pia ya wavu wa chuma iliyofungwa mlangoni, tundu dogo likielekea nje. Nyuki hutoka kwenda kazini na hawapati njia ya kurudi, huishia kwenye mzinga uliowekwa kando ukiwa na kipande cha sega lenye mayai. Ni njia ya subira. Nyuki kibarua huchukua takriban siku 21 tangu yai hadi kutoka, hivyo wiki kadhaa hupita kabla ukuta haujakwisha watu, na malkia wa zamani kwa kawaida hufia ndani. Watoto wa shule wanaipenda njia hii. Wazazi wao hawana subira nayo.

Mwisho wa yote ni ukuta. Nta hukwanguliwa, panaoshwa, kila ufa unakandikwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, na tundu la bomba linawekewa wavu. Fundi akiondoka bila kuziba, amemfanyia mwenye banda nusu ya kazi.

Hapo huzuka swali la mali. Nyuki hawa ni wa nani? Wanasheria wa Kaisari Justinian, mwaka 533, walikwisha kulijibu: nyuki ni wanyama wa porini, na kundi lililotua juu ya mti wako si lako kuliko ndege aliyejenga kiota humo, hadi utakapolitia mzingani. Sheria ya Kiingereza iliyorithiwa Nairobi ilifuata wazo hilohilo. Hivyo mwenye banda aliyekuwa tayari kuwachoma saa nane mchana hana hoja nzito ya kuwadai saa mbili usiku, ingawa kwa desturi za ujirani hakuna fundi mwenye akili atakayeondoka na ndoo yote ya asali bila kumwachia mama mwenye nyumba sufuria moja.

Lakini mzinga haukai palepale. Watafutaji wameikariri nchi yote inayowazunguka. Ukiuhamisha mzinga hatua mia mbili, asubuhi watarudi kwenye ukuta uliozibwa na kujikusanya hapo kwa maelfu. Wafugaji husema upelekwe kilomita tano hivi, nje ya ramani wanayoijua. Na kutoka mabanda mengi ya Ogwedhi, kilomita tano upande wa pili ni Narok. Ogwedhi ni soko ambapo Mjaluo, Mmaasai na Mkuria hununuliana, na ni mpaka ambapo wizi wa mifugo umewahi kuzua mapigano. Upande wa Trans Mara bado kuna miti ya kivuli na malisho yasiyonyunyiziwa dawa, na wazee wa Kimaasai ambao sherehe zao hazikamiliki bila pombe ya asali. Nyuki wenyewe huuvuka mpaka huo kila siku kwenda na kurudi.

Chukulia basi mzinga uko nyuma ya pikipiki, mlango umezibwa kwa nyasi, ukivuma. Mwenye banda anataka ndoo moja kila mavuno, kwa kuwa kundi limetoka kwake. Mwenye malisho anataka nusu, kwa kuwa mti ni wake, na nyegere atakayekuja usiku atamsumbua yeye. Fundi, ambaye glavu zake zimeganda kwa nta na jicho moja limevimba, anawaambia wote wawili kwamba mwaka huu hakuna atakayegusa asali, kundi linahitaji akiba yake yote lisije likahama, na kwamba kama wanataka kugombana wasubiri mvua za mwezi wa nne mwakani.